Kunguru wa Pwani: Je, sumu iuzwe kwa wakulima wa maembe?

Mtoa mada: Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza azma ya kupunguza kunguru milioni moja katika Pwani yetu. Wenye mashamba wengi walifurahi, nami nawaelewa, kwa kuwa kunguru hamalizi embe alilolianza: hulitoboa kwa mdomo, akaonja, akahamia la pili, na tobo lile likaingiza nzi na sisimizi hadi tunda likaoza. Hata hivyo, siungi mkono rai iliyotolewa na baadhi yetu kwamba DRC-1339, dawa ya kuulia ndege, iuzwe madukani ili kila mkulima aitege mwenyewe. Dawa hiyo huua polepole, ndege akafia mbali na chambo, na ndiyo sababu wenziwe hawaishtukii; lakini ili ale kunguru peke yake, ni lazima kwanza azoeshwe nyama isiyo na dawa, mtu akae awatazame wanaoila, kisha mabaki yote yakusanywe. Nani mwenye nafasi hiyo msimu wa kuchuma? Zanzibar, ambako ndege huyu aliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka, sumu ilitumika miaka ya 1990, idadi ikashuka sana, na kazi ilipolegea ikapanda upya. Afadhali tuchume embe likiwa limekomaa bado gumu, tulivundike ndani.

Mchangiaji: Kuhusu sumu nakubali, ila kuvundika hakumfai mwenye mapapai, ambaye mnunuzi wake hutaka kuona rangi ya njano mtini. Nyavu nazo ni ghali, mwembe mrefu haufunikiki, na zikilegea hunasa shore wasiotusumbua kitu.

Mtoa mada: Kwa papai, basi, yafungwe mifuko yale yaliyokaribia kuiva tu, maana mpapai ni mfupi na mkono unafika. Lakini gharama hiyo si haki kumwachia mkulima peke yake. Kunguru hawa hawalishwi na mashamba yetu pekee. Hulishwa zaidi na majalala yaliyo wazi na matumbo yanayotupwa nyuma ya machinjio, na wajibu wa kuyafunika ni wa serikali ya kaunti, ambayo hutoza ada ya soko kwa kila kreti tunayoishusha.