Kodi ya kamari na vilabu vyetu: nani alipaswa kuubeba mzigo?

Shabiki wa Kisumu
Ndugu zangu, Serikali ya Kenya ilipandisha kodi ya kampuni za kamari kutoka asilimia 7.5 hadi 35, ikiahidi kwamba fedha hizo zitainua michezo. SportPesa, kampuni ya kamari, ikaondoa udhamini wake wote, na vilabu vya soka vya Gor Mahia na AFC Leopards pamoja na chama cha raga wakaachwa mikono mitupu. Kwa maoni yangu, kodi ile ya 2019 ndiyo iliyoiua ligi. Ninyi mnasemaje? Nao wachezaji wa leo wamezidi: sisi tulicheza bila senti na hatukugoma hata siku moja.

Mwalimu wa Kakamega
Weka tarehe sawa, ndugu. Kodi ya asilimia 35 ilianza Januari 2018, na mdhamini akaondoka mwezi huohuo, kisha akarejea. Jambo la 2019 lilikuwa leseni yake ya kamari iliyokataliwa, akaondoka tena. Mimi naiunga mkono kodi ile, kwa sababu nimewaona vijana wa kidato cha nne wakibashiri kwa karo waliyotumwa kulipa. Klabu inayoishi kwa fedha za namna hiyo inakula watoto wa mashabiki wake.

Mama wa Mlinda Lango
Mengine nawaachia, lakini hilo la kutogoma limenichoma. Mwanangu alidaka klabu ya daraja la juu miezi mitano bila mshahara. Glavu zake zilipopasuka kwenye kidole gumba nilizishona kwa uzi wa nailoni, na akirudi kutoka safari za mbali nilimkuta na nusu mkate mfukoni, maana ndicho chakula cha jioni walichogawiwa ndani ya basi. Walipokataa kufanya mazoezi waliitwa wasaliti. Baba, wewe ulikuwa na kazi ya mchana. Huyu kazi yake ni langoni, na mwenye nyumba hapokei makofi ya mashabiki.

Shabiki wa Kisumu
Mama, sikumtukana mwanao, na sipendi kuonyeshwa kama mtu asiye na huruma. Ninachosema ni kwamba mgomo huizika klabu. Sony Sugar, mabingwa wa 2006, walifukuzwa ligini Novemba 2019 kwa kushindwa kufika katika mechi tatu.

Mwalimu wa Kakamega
Huo si mfano wa mgomo hata kidogo! Ile ilikuwa timu ya kiwanda cha sukari cha umma, na kiwanda kilipokosa fedha, timu ikakosa nauli. Unawalaumu wachezaji kwa basi ambalo halikuja?

Shabiki wa Kisumu
Basi kama ni nauli, mnarudi palepale nilipoanzia. Mdhamini wa kamari aliifikisha Gor Mahia uwanja wa Goodison Park, Uingereza, Novemba 2018, ikacheza na Everton. Hazina ya Serikali imempeleka nani?

Mama wa Mlinda Lango
Ilifungwa nne bila, nami niliitazama hadi mwisho nikijivunia. Lakini safari moja ya Uingereza haikumlipa mchezaji yeyote kodi ya nyumba. Zitoke kwa kamari au zitoke Hazina, mimi nataka sheria inayosema kwamba fedha ya kwanza kuingia klabuni ni mshahara wa mchezaji, kabla ya posho ya kiongozi yeyote. Hilo mnaliunga mkono au hamliungi?

Mwalimu wa Kakamega
Naliunga mkono, Mama, isipokuwa hilo la kamari.