Fremu zetu tupu mjini zinabomolewa kidogo kidogo, naombeni ushauri

Mwenye Baraza:
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia jengo la familia upande wa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, aliloliacha marehemu mzee. Chini kuna fremu sita za maduka. Barabara ilipochimbwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, vumbi na mabati ya mkandarasi yalifukuza wateja, wapangaji wakahama mmoja mmoja. Sasa watu wamerudi, majirani wauza vitenge na vipodozi wanafanya biashara, ila kwetu fremu nne bado zimefungwa.

Hizo nne ndizo zinazoandamwa. Walianza na matangazo ya waganga, gundi ikabandua rangi yote. Wakaja kwenye makufuli. Juzi nimekuta mlango wa fremu ya pembeni umepindwa chini kama kopo, waya umechomolewa kuanzia kwenye mita hadi swichi ya mwisho, plasta imechimbika mfereji ukuta mzima, na ndani pamegeuzwa choo. Ndugu zangu wanataka tuzibe kwa matofali mpaka apatikane mpangaji. Mimi roho inakataa. Nifanyeje?

Fundi Grili:
Pole sana mkuu. Usizibe. Mpangaji akiona tofali hatauliza hata bei. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na tatizo la kwanza ni kufuli la kuning'inia: nondo moja tu, limeachia. Tengenezesha boksi la chuma lifunike kufuli, pabaki nafasi ya kupitisha mkono tu. Waya uliobaki ndani toa mwenyewe uhifadhi, wanachofuata ni shaba, inauzwa kwa kilo. Grili na milango chomelea herufi za jina la familia. Mnunuzi wa chuma chakavu akiona alama anasita.

Wa Gerezani:
Umeripoti? Kila tukio nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa, hata la kufuli. Kuharibu mali kwa makusudi ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungo kinaweza kufika miaka saba. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye ajue, uliza ulinzi shirikishi wanapita saa ngapi. Na kama mita imeguswa, waite TANESCO wenyewe. Usithubutu kuita kishoka, fundi umeme wa mtaani asiye rasmi, akuunganishie.

Mama Vitenge:
Kaka yangu, wote mnaongelea vyuma. Tuambie kwanza bei! Nimepanga Kariakoo miaka mingi, wenye majengo wanataka kodi ya mwaka mzima na kilemba juu yake, yaani hela ya kupewa fremu tu. Mfanyabiashara aliyekosa wateja kipindi chote cha ujenzi atazitoa wapi? Fremu yenye mtu ndani haichezewi ovyo. Toa hata mbili kwa miezi mitatu mitatu bila kilemba, mpe fundi cherehani, mpe fundi simu. Akifungua asubuhi anafagia, anabandua matangazo, anamfukuza anayetaka kujisaidia ukutani. Kodi yake itakuwa ndogo, lakini bado ni nafuu kuliko kununua waya upya.

Dalali Mstaafu:
Namuunga mkono dada, ila angalizo: usimweke barazani. Tangu wamachinga wapangwe upya mwaka 2021, biashara za mbele ya maduka ni ugomvi na mgambo. Akae ndani, na mkataba uandikwe tarehe ya kuingia na ya kutoka. Nawajua watu walimkaribisha mtu "alinde tu", leo wanapelekana Baraza la Ardhi na Nyumba. Inauma sana.

Mwenye Baraza:
Asanteni sana wote. Dada, umegusa penyewe. Kilemba ndicho ndugu wanaking'ang'ania, wamezoea bei za zamani, na Jumapili nitawasomea maneno yako kama yalivyo. Kesho naanza na RB. Swali: huyo wa miezi mitatu, umeme nani arudishe?

Mama Vitenge:
Waya ni juu ya mwenye nyumba, kununua umeme ni juu ya mpangaji. Ila angalia jambo moja: kodi ya jengo, ile ya serikali, inakatwa ukinunua umeme wa LUKU, na mita ambayo haijanunuliwa umeme muda mrefu deni lake linazidi kupanda. Lilipe kabla hajaingia, asije akanunua umeme wa elfu kumi akapata uniti kiduchu akadhani umemtapeli. Namba ya mita iandikwe kwenye mkataba.