Daktari, sukari ya paka aliyetishwa si ya kumpandishia dozi!

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira. Kliniki siitaji, ila ipo hapahapa Dar, na haya nayasema kwa uhakika kwa sababu kila kipimo na kila sindano nimeandika kwenye daftari.

Nina paka dume, Sultani, ana miaka 11, amehasiwa, ana kisukari. Waliowahi kuuguza paka wa namna hii wanajua mambo yanavyoanza: anakunywa maji hadi anaifuata ndoo ya bafuni, mchanga wake umelowa muda wote, anakula bila kushiba na bado mifupa ya mgongo inatokeza. Baadaye akaanza kutembelea visigino miguu ya nyuma, badala ya vidole kama paka wote. Hiyo ni sukari imeshagusa neva. Tukaanza insulini ya glajini, ile inayofanya kazi polepole kwa muda mrefu, kila baada ya saa 12, tukamwondolea chakula kikavu cha nafaka, na hali ikatulia. Nyumbani nampima kwa tone la damu ya ukingo wa sikio, amelala mapajani mwangu, wala hashtuki. Sukari ilikuwa inacheza kati ya 8 na 13 (milimoli kwa lita). Kwa paka anayetumia insulini hiyo ni hali njema kabisa. Manyoya yalirudi kung'aa, akaanza tena kurukia dirishani.

Sasa ngojeni niwaambie walichomfanyia tulipokwenda kuangaliwa tu kama kawaida.

Chumba cha kusubiria ni kimoja, mbwa na paka pamoja. Jibwa la ulinzi limesimama juu ya kikapu cha Sultani linabweka, mwenye mbwa yuko na simu yake. Nikaomba nisubiri nje kwenye bajaji wakifika kwetu waniite. Nikaambiwa nikitoka nimepoteza foleni. Tulipoingia, kijana msaidizi akamtoa kikapuni kwa kumnyanyua ngozi ya shingo, mzee wa watu mwenye miguu dhaifu, akamkandamiza mezani. Paka ananguruma, macho yamemtoka, amejikojolea. Katika hali hiyo ndipo wakamtoboa wakampima. Mashine ikasoma 23.6.

Daktari hakuuliza anakunywa maji kiasi gani, hakuuliza uzito umepanda au umeshuka. Akasema, "Dozi ndogo hii, tunatoka uniti 2 tunakwenda 4." Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha vipimo vya asubuhi ileile: 10.2. Hakulitazama. Eti mashine za nyumbani si za kuaminiwa. Na kwa kuwa saa yake ya sindano ya jioni ilikuwa imekaribia, wakamchoma wao wenyewe uniti 4 palepale, mimi bado nabishana.

Hapa ndipo damu inaponichemka, kwa sababu jambo hili kila anayetibu paka anapaswa kulijua. Paka akitishwa, mwili unamwaga adrenalini na ini linaachia sukari kwenye damu. Hata paka asiye na kisukari kabisa anaweza kuvuka 16 akiwa mezani kwa daktari, kisha akirudi kwao anashuka mwenyewe. Kwa sababu hiyo kuna kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha sukari ilivyokwenda wiki kama mbili zilizopita, si dakika ile aliyobwekewa na jibwa. Nilikiomba. Jibu: "Hakina haja." Kama hamna uwezo wa kukipima semeni hamna, nitahangaika pengine. Najua mashine ya binadamu husoma pungufu kwa damu ya paka, ila pungufu hiyo haifanyi 23 isomeke 10. Na dozi ya paka huongezwa kwa nusu uniti, au uniti moja ikizidi sana, halafu unampa siku kadhaa uone. Nani aliwafundisha kuizidisha mara mbili kwa kipimo kimoja?

Tulipofika nyumbani Sultani aliingia chini ya kitanda, akakataa kula. Dozi maradufu ya insulini, tumbo tupu. Usiku wa manane nikasikia kitu kinagonga mguu wa kitanda. Alikuwa anapepesuka, kichwa kimelala upande, kisha akaanguka akaanza kupiga miguu hewani. Nikapima: 1.8. Nikampaka asali kwenye fizi kidogokidogo kwa kidole, mdogo wangu amemshika asijigonge, mimi huku napiga namba ya dharura iliyobandikwa mlangoni kwao. Iliita hadi ikakatika, mara zote. Alipoweza kumeza tukampa chakula, tukawa tunampima hadi kukapambazuka.

Asubuhi nikapiga tena, wakapokea. Mnajua walichoniambia? "Paka wa kisukari ndivyo walivyo, dada." Hapana! Sukari ilishuka kwa sababu ya dozi mliyomchoma ninyi.

Na kuna la mabomba ya sindano, ambalo lingeweza kumuua moja kwa moja. Siku hiyohiyo dirishani waliniuzia mabomba ya uniti 40, yaani mistari yake imepimwa kwa insulini ya uniti 40 kwa mililita. Insulini anayotumia Sultani ni ya uniti 100 kwa mililita. Ukivuta insulini hiyo kwa bomba la 40 hadi mstari wa 4, umevuta uniti 10. Nimeyaona kabla hayajatumika kwa sababu mimi husoma maandishi ya kwenye bomba kila mara. Mama mtu mzima anayeambiwa tu "vuta hadi hapa" angeonaje? Wenye insulini ya mifugo ya uniti 40 na wenye ya binadamu, tafadhali leo hii angalieni bomba na chupa namba zifanane.

Najua wapo watakaokuja kusema paka ni paka tu, insulini ni ya watu. Hiyo insulini mnayoisema ilipatikana Toronto mwaka 1921 kwa majaribio ya mbwa. Na sisi Waislamu habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula tumefundishwa tangu madrasa. Mnyama uliyemweka ndani una wajibu naye, na unayemlipa amtibu ana wajibu naye pia.

Nimeshaandika malalamiko kwa Baraza la Veterinari, nimeambatanisha nakala za daftari, risiti na picha ya mabomba. Ninachotaka kwa kliniki ile ni kidogo: paka watengewe hata kona yao, mwenye mnyama asikilizwe anapoleta rekodi za nyumbani, na namba ya dharura ipokewe au ibanduliwe mlangoni.

Kwenu wadau: yeyote anayemjua daktari wa mifugo Dar anayekuja nyumbani na mwenye uzoefu wa paka wa kisukari, anitajie hapa chini. Pia nani amewahi kupewa gabapentini ya kumtuliza paka saa 2 au 3 kabla ya safari ya kliniki? Mimi sikuwahi hata kuambiwa ipo. Na fruktosamini mnapima wapi, na majibu huchukua muda gani? Sultani amerudi uniti 2, leo asubuhi amesoma 11.4.