Naombeni ushauri: nawafundishaje wanafunzi wa sheria kuhoji mashahidi?

Wakili_Mkoani:
Wakuu, habari za jioni. Chuo kimoja huku mkoani kimeniomba niwanoe wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, thelathini hivi, kwenye uendeshaji wa kesi. Nimepewa Jumamosi mbili. Mahakama igizo wanaijua, ila ni ile ya rufaa: wanasimama mbele ya majaji, wanamwaga kesi kwa kichwa, Kiingereza kimenyooka. Waletee shahidi sasa! Binti mmoja, yeye ndiye utetezi, akamwambia shahidi wa mashtaka: "Tafadhali ieleze mahakama ulimtambuaje mshtakiwa." Shahidi akaeleza, na kila alichoeleza kikamkandamiza mteja wake.

Nimepanga siku ya kwanza mihadhara ya Sheria ya Ushahidi, ya pili mazoezi. Mnaonaje?

Mzee_wa_Korido:
Mihadhara iache, wakili msomi. Sheria ya Ushahidi wameshaifanyia mtihani. Kwamba maswali ya kuelekeza, yaani yanayobeba jibu ndani yake, hayaruhusiwi unapomwongoza shahidi wako na yanaruhusiwa kwenye dodoso, yaani unapomhoji shahidi wa upande wa pili, wote watakujibu. Mdomo ndio haujazoea.

Tengeneza jalada dogo: hati ya mashtaka, maelezo ya polisi ya mashahidi wawili, mchoro wa eneo la tukio, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu). Unyang'anyi wa usiku unafaa sana, kwa sababu kesi ya Waziri Amani ya 1980, ile ya utambuzi wa mshtakiwa, imekupangia kazi yote: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, alimfahamu kabla au la. Kila kimoja kinazaa maswali mafupi. "Ilikuwa saa nane usiku?" "Umeme ulikuwa umekatika?" "Taa ya chemli ilikuwa chumbani?" "Wewe ulikuwa sebuleni?" Jambo moja kwa swali moja, na asiulize lile la mwisho, "sasa ulimwonaje?" Hilo ni la kumalizia kwenye hoja za mwisho, shahidi akiwa ameshashuka.

Kwenye kusahihisha, fuata hatua za George Hampel wa Australia, ambazo mawakili wa Uingereza hufunzwa nazo. Mwanafunzi anahoji dakika tano. Unamtajia kosa moja tu, unamsomea maneno yake mwenyewe kama alivyoyatamka (kwa hiyo uwe unaandika), unamwambia yamemgharimu nini, unampa dawa, unamwonyesha kwa kuhoji wewe, kisha anarudia papo hapo. Ukimpa makosa saba ataondoka na aibu tu. Na usiseme "umejitahidi, jiamini". Hiyo haimsaidii mtu.

Bi_Kielelezo:
Naunga mkono, ila vielelezo, yaani hati na vitu vinavyotolewa kama ushahidi, msivisahau. Kijana anaanza kusoma hati kabla haijapokelewa, wakati kesi ya Robinson Mwanjisi (2003) imeshasema: ipitishwe kwanza, ipokelewe, ndipo isomwe. Wafanye kwa mikono, na karatasi halisi: kumwonyesha shahidi, kumuuliza anaitambua kwa alama gani, kuiomba mahakama iipokee, kumpa mwenzako nafasi ya pingamizi, kisha kusoma. Ikipokelewa bila kusomwa, kwenye rufaa itaondolewa.

Msomi_Nairobi:
Mimi ningeanzia mwisho. Huku uendeshaji wa kesi ni somo kamili Kenya School of Law, na kilichonisaidia ni kuandika hoja za mwisho kwanza. Ukishajua utamwambia hakimu nini, maswali yasiyokupeleka huko unayafuta. Wengi wanahoji ili waonekane wakali.

Mzee_wa_Korido:
@Msomi_Nairobi kweli, lakini kwa Jumamosi mbili wataimaliza moja wakiandika. Hoja waziandike nyumbani.

Kalamu_ya_Hakimu:
Mko pande zote na mmesahau lugha. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na vijana wanafundishwa kwa Kiingereza. Fanyeni zoezi lote kwa Kiswahili. Wakataze maswali ya kukanusha: "Hukumwona, sivyo?" Shahidi akisema "ndiyo", hakimu aandike nini?

Halafu kasi. Mahakama nyingi za chini hakimu bado anaandika kwa mkono. Mweke mtu mbele aandike kila jibu, na anayehoji asiendelee mpaka kalamu isimame. Nimeona dodoso zuri likipotea kwa sababu nusu yake haikuingia kwenye mwenendo wa shauri, ile kumbukumbu anayoiandika hakimu.

Wakili_Mkoani:
Nimewaelewa, mihadhara imekufa. Shida ni mashahidi. Wanafunzi wakiigiza ushahidi wanahurumiana, wanajibu kama wanavyotakiwa. Na mshtakiwa aliyekana kuwepo eneo la tukio, shahidi wa mashtaka asipoulizwa lolote kuhusu hilo, nalifundisha siku hii au linawachanganya?

Bi_Kielelezo:
Lifundishe siku ya kwanza. Jambo la msingi usipolihoji, mahakama inachukulia umelikubali. Huwezi kuja kulizua wakati wa kujitetea.

Mzee_wa_Korido:
Mashahidi watafute nje ya sheria. Mama lishe wa hapo chuoni, bodaboda, mlinzi wa geti. Wape stori, waachie majibu yao. Mama lishe hana muda wa kumhurumia wakili. Atamjibu "kwani wewe ulikuwepo?" na hapo utaona nani anaweza kubaki kwenye swali lake bila kugombana. Uwalipe posho lakini.

Wakili_Mkoani:
Mlinzi wa geti ninaye tayari, ni askari mstaafu. Bado natafuta wa kukaa kiti cha hakimu Jumamosi ya pili, awe na mwandiko wa polepole. Aliye Kanda ya Ziwa anicheki PM, nauli na chakula ni juu yangu.