Nataka vitufe vya kuendesha skripti za seva, nimechoka kupigiwa simu nikiwa Barafu

mpagazi_wa_data (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nitaandika kirefu kidogo, mtanivumilia.

Nusu ya mwezi mimi ni fundi kompyuta wa ofisi ndogo ya utalii hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Nusu nyingine napanda mlima Kilimanjaro na wageni kama msaidizi wa muongozaji, mara nyingi njia ya Machame. Kazi ya kompyuta peke yake haishibishi, ya mlima peke yake inamaliza magoti, kwa hiyo nimeoa zote mbili.

Ofisini kuna seva. Nikisema seva msifikirie chumba chenye kiyoyozi. Ni kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM GB 16, iko chini ya meza ya dada wa mahesabu na huwa anaweka mkoba wake juu. Nimeiwekea Proxmox (mfumo wa kuigawa mashine moja iwe kama kompyuta kadhaa), ndani yake kontena tatu, yaani vijikompyuta vitatu: ya daftari la safari (nani anapanda lini, amelipa ngapi, anavaa kiatu namba ngapi), ya mafaili na picha, na ya printa. Kwa miaka miwili nimekuwa nikijiandikia skripti ndogondogo (mafaili ya amri zinazofuatana), sasa zimefika 11. Ya kuamsha printa ikizubaa, ya bekapu kwenda diski ya nje, ya kuihamishia ofisi kwenye rauta ya laini ya simu faiba ikikata, na nyinginezo. Zote ziko /root/kazi, na anayeziendesha ni mimi tu, kwa SSH (kuingia kwenye seva kwa maandishi kutoka mbali).

Safari iliyopita tuko kambi ya Barafu, mita 4,673, saa mbili usiku. Wageni wamelala, tunawaamsha saa tano tujiandae kupanda Uhuru. Kwa bahati mbaya simu ikakamata mtandao.

"Kaka, printa imegoma. Kesho alfajiri kuna kundi linakwenda Londorossi na karatasi zao hazijatoka."

Nikaanza kumsomea amri herufi kwa herufi, meno yanagongana. Ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu ilikuwa `pct reboot 103`, yaani liwashe upya kontena la printa. Sauti ikawa inakatikakatika, alichoambulia ni reboot. Akaandika reboot, akabonyeza Enter, naye alikuwa ameingia kama root, yaani mwenye mamlaka yote, kwenye seva yenyewe. Ikazima, ikawaka, lakini kontena mbili sikuwa nimeziwekea kuwaka zenyewe. Ofisi ikakaa bila daftari la safari mpaka nilipopata mtandao wa maana tukiwa tunashuka Mweka. Mama mwenye ofisi hakunigombeza. Alininyamazia tu, na mnajua hiyo ni mbaya zaidi.

Ninachotaka ni ukurasa wa kwenye kivinjari, vitufe vinne au vitano, dada abonyeze, skripti yangu iende, basi. Asione terminali (dirisha la kuandikia amri) wala neno root. Nimesikia watu wa Proxmox wanasifia ukurasa fulani wa skripti saidizi. Ndio huo? Na usalama wake ukoje?

Nawasilisha.

chalii_wa_sakina (Arusha)

Mangi pole kwa baridi, nimecheka ila pole 😂

Unachotafuta kinaitwa PVE Scripts Local, cha hao hao jamaa wa community-scripts. Unakiweka kwenye kontena lake, unafungua kivinjari poti 3000 (namba ya mlango wake kwenye mtandao), skripti zote unaziona pale, unachagua, inaenda, na terminali unaiona humo humo. Mimi nimesimika Pi-hole (ya kuzuia matangazo) na Jellyfin (ya kutazamia filamu) chai haijapoa. Weka hiyo ulale.

mzee_wa_terminali (Arusha)

Chalii wa Sakina amejibu swali ambalo hukuuliza. Si kosa lake, majina yanachanganya.

Zile skripti saidizi za Proxmox zilianzishwa na mtu aliyejulikana mtandaoni kama tteck. Alifariki Novemba 2024, na kazi ikachukuliwa na wenzake, ndio hao community-scripts. Skripti zao ni za kusimika: unataka programu fulani, skripti inakutengenezea kontena, inaiweka humo, kwisha. Ulikuwa unanakili mstari mmoja kutoka tovuti yao na kuubandika kwenye terminali ya seva ukiwa root. Mstari wenyewe unasema "teremsha kitu kutoka intaneti ukitekeleze hapo hapo kwa mamlaka yote", kwa hiyo usome kwanza, hata kama jirani yako amesema ni salama. PVE Scripts Local imerahisisha hilo: unaona orodha, unateremsha, unaangalia kilichomo, unaendesha. Ninacho na ninakipenda. Ila ni chombo cha fundi. Ukimpa dada wa mahesabu ukurasa ule utakuwa umempa reboot ileile, safari hii ikiwa na rangi nzuri.

Wewe tazama OliveTin. Ni programu ndogo, inasikiliza poti 1337, na kila kitu kiko kwenye faili moja la maandishi. Unaandika jina la kitufe na amri yake, kitufe kinatokea. Anayebonyeza hawezi kuandika amri yake mwenyewe. Ukitaka ajaze kitu, mfano namba ya chumba cha mgeni, unataja kuwa ni namba tu inayokubalika, au unampa orodha achague.

```
actions:
  - title: Amsha printa
    shell: ssh -i /etc/funguo/printa root@seva
    maxConcurrent: 1
```

Huo mstari wa mwisho ni kwa ajili ya watu wanaobonyeza mara mbili kama wanaita lifti. Kuhusu ssh nitarudi.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Sasa soma skripti zako upya. Sijaziona lakini niko tayari kula kiapo kuwa uliziandikia nafsi yako. Zinauliza "una uhakika?" kisha zinasubiri y, na kitufe hakina mdomo wa kujibu. Zinadhani uko ndani ya /root/kazi. Zikishindwa zinatema mistari arobaini ya Kiingereza ambayo wewe ukiitupia jicho unajua ni nini, mwenzako anaona ukuta. Nilipofanya kazi kama hii yako kwa mteja mmoja huku Njiro, ukurasa wa vitufe nilimaliza jioni moja. Kuandika upya skripti sita kulichukua wiki mbili.

Kila skripti iishie na sentensi moja ya Kiswahili. "Printa imeamka, chapa tena." Au "Imeshindikana, printa haina umeme, angalia swichi ya ukutani." Na iwe imekagua kweli, isiseme imefaulu kwa sababu tu imefika mstari wa chini. Bekapu ndiyo mbaya kuliko zote. Diski ya nje isipochomekwa, /mnt/diski inabaki kuwa folda la kawaida, na skripti inaandika humo kwa furaha, ndani ya diski ileile unayotaka kuikinga. Kuna mtu alikuja kwangu na bekapu za miezi minane za namna hiyo. Anza na `mountpoint -q /mnt/diski` na ukikuta haipo, toka kwa sauti.

Sasa ssh. OliveTin iweke kwenye kontena lake la nne, isiwe kwenye seva yenyewe. Tengeneza ufunguo mmoja kwa kila kitufe, na upande wa seva, kwenye authorized_keys (faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia), tanguliza `restrict,command="/usr/local/sbin/amsha-printa"` kabla ya ufunguo. Mwenye ufunguo huo hata akiomba mbingu, atapewa kuamsha printa tu.

Watakuja wa kukuambia Webmin, ukurasa wa kusimamia seva nzima. Ipo tangu 1997, ina sehemu ya kutengeneza amri zako na vitufe vyake, niliitumia miaka mingi. Lakini kwa kazi yako ni kuchinja kuku kwa shoka. Tena mwaka 2019 iligundulika toleo 1.890 lilikuwa limetobolewa mlango wa uani. Mtu aliingia kwenye mashine ya kutengenezea matoleo akapandikiza vitu vyake. Walisafisha. Ila tangu siku hiyo chombo chochote chenye mamlaka ya root hakitoki nje ya mtandao wangu wa ndani. Na wewe poti 1337 usiifungulie dunia. Ukiwa mlimani ukataka kuingia, pita kwa WireGuard au Tailscale, njia za siri za kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali.

cron_tu

Mnazunguka sana. Cron (saa ya seva ya kuendesha amri zenyewe) kila saa moja, iwashe upya printa. Imeisha hiyo.

mpagazi_wa_data (Moshi)

@cron_tu printa ikiwashwa upya katikati ya karatasi za watu 12, utakuja kuzichapa wewe?

@mzee_wa_terminali shikamoo. Nimefungua skripti zangu. Saba kati ya 11 zina "una uhakika?". Moja inauliza "una uhakika kaka?" maana nilikuwa najitania mwenyewe saa nane usiku. Na ya bekapu sijaikagua diski popote. Nimekwenda kuangalia /mnt/diski ikiwa haijachomekwa, nimekuta mafaili ya Machi. Sisemi zaidi.

chalii_wa_sakina (Arusha)

Mzee amenifundisha na mimi. Nilikuwa nabandika ule mstari bila kuusoma, naanza leo.

binti_wa_soweto (Moshi)

Kaka, mimi nitasema upande wa anayebonyeza, maana nilikaa mapokezi miaka mitatu kabla sijashika kazi za seva.

Fundi wetu wa wakati ule aliniwekea kitufe kimeandikwa "Bekapu 05:00". Mimi nikajua saa tano. Kila siku saa tano asubuhi nachomeka diski, nasubiri, naona ukurasa unanijibu "hakuna kazi", nachomoa. Kumbe yeye alimaanisha saa kumi na moja alfajiri, seva inajiendesha yenyewe, na diski ilitakiwa ilale imechomekwa. Tena seva yenyewe ilikuwa kwenye saa za UTC (saa za dunia, ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu), kwa hiyo hata hiyo saa kumi na moja yake ilikuwa saa mbili asubuhi. Watu wawili na mashine moja, saa tatu tofauti. Weka `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, na kwenye kitufe andika saa kwa maneno, mfano "saa kumi na moja alfajiri".

Pia usikipe kitufe jina la dawa, kipe jina la ugonjwa. "Washa upya CUPS" (programu ya kuchapisha) mimi nisingekigusa. "Printa haitoi karatasi" ningekibonyeza bila kuuliza mtu. Na kile cha kuhamisha intaneti usikiweke jirani na cha printa, vidole vina haraka wageni wakiwa wamejaa mbele yako.

Na kabla hujapanda, kaa pembeni umwangalie akibonyeza. Usimsaidie. Utaumia, lakini kaa.

mpagazi_wa_data (Moshi)

Wakuu, nimerudi. Siku saba, Machame kupanda, Mweka kushuka, wageni tisa na wote tisa wamefika Uhuru.

Nilianza na vitufe vitano. Kabla ya safari nilikaa pembeni kama binti_wa_soweto alivyoshauri. Dada wa mahesabu akabonyeza "Printa haitoi karatasi". Ukurasa ukaonyesha imekatwa muda. Akabonyeza tena. Tena. Mara sita, mimi nimeng'ata ulimi. Printa ikatoa ukurasa wa kwanza wa fomu ileile mara sita, kwa sababu kila kontena lilipowaka kazi ilianza upya. Kumbe OliveTin usipoiambia kitu inasubiri sekunde 3 tu halafu inakata, na kontena langu linahitaji kama 20. Inayokatwa ni ssh ya upande huu. Kule kwenye seva kazi inaendelea. Na ile maxConcurrent haikuokoa, maana kwa hesabu ya OliveTin kazi ilikuwa imekwisha. Nimeongeza `timeout: 90` kwenye printa na `timeout: 7200` kwenye bekapu, na ndani ya skripti nimeweka flock ili ya pili igome kama ya kwanza bado iko kazini.

Usiku wa Barafu simu haikuita. Nikalala vibaya zaidi kuliko zamani, nikidhani seva imekufa na simu ya ofisi nayo imekufa.

Nimefika ofisini nimefungua kumbukumbu: printa imeamshwa mara nne, intaneti imehamishwa mara mbili, bekapu imekataa mara moja kwa sababu ya diski, akaichomeka, ikaenda. Mama mwenye ofisi naye amejua anwani ya ukurasa, sijui amepewa na nani. Anataka kitufe cha kuonyesha nani hajamaliza kulipa. Hiyo si skripti ya seva, lakini nani atamwambia.

mzee_wa_terminali (Arusha)

Marahaba, nilikuwa sijaitikia. Sekunde 3 nilisahau kukuambia, hiyo niwekee mimi. Cha mama usikitundike kwenye ukurasa huo huo wa dada, madeni ya wageni hayakai mapokezi.

mpagazi_wa_data (Moshi)

Nimekipa ukurasa wake. Ameshabonyeza mara kumi na moja tangu asubuhi.