Nahamia Dodoma, nauzaje vitu vya ndani mtandaoni bila kulaliwa bei wala kutapeliwa?

Mama Wawili
Wakuu habari za jioni. Tunahamia Dodoma, nyumba tunayokwenda ni ndogo, na kukodi fuso kubeba kila kitu naona ni hasara. Nina wiki tano. Vya kuuza ni hivi: friji ya milango miwili lita 210 (miaka minne, inagandisha vizuri ila mpira wa mlango wa chini umechanika kwenye kona), TV inchi 43, mashine ya kufulia kilo 7 ya mlango wa mbele, seti ya makochi, kitanda cha mninga 5 kwa 6 na godoro lake, mtungi wa gesi wa kilo 15 wenye gesi kidogo, simu mbili za zamani na vyombo vingi vya jikoni. Dalali wa mtaani kataja bei ya vyote kwa mkupuo, inatia uchungu. Nataka niuze mwenyewe. Nianze na kipi, bei naipangaje, na malipo nayapokeaje? Niko Tabata.

Mzee wa Mnada
Karibu dada. Usitangaze vyote siku moja. Makochi, kitanda na mashine ya kufulia vitangaze wiki hii hii, maana wanunuzi wake ni wachache na kila mmoja lazima apime mlango wake, atafute usafiri, aongee na mwenzake nyumbani. Friji na TV haziozi, tena bado unazitumia. Zitangaze zikibaki wiki mbili, na uandike kabisa tarehe ambayo mtu anaweza kuja kuchukua.

Vyombo vya jikoni usiuze kimoja kimoja. Sufuria ya elfu saba itakuletea meseji ishirini na mtu mmoja wa kuja. Funga mafungu: sufuria zote na mifuniko yake, fungu moja. Hotpoti, chupa za chai na sinia, fungu la pili. Brenda, pasi na birika la umeme, fungu la tatu. Wanaoanza maisha na wenye vibanda vya chakula ndio wanaonunua hivyo.

Kuhusu bei, sahau ulinunua kwa shilingi ngapi. Ulizia bei ya leo Kariakoo ya kitu kama hicho kikiwa kipya. Kisha fungua Jiji (ule mtandao wa matangazo ya mauzo) na Facebook Marketplace, tafuta matangazo matano au sita ya kilichotumika chenye ukubwa na umri kama wa chako. Yale yaliyokaa mwezi mzima yaache, hayo ni bei ambazo watu wameshazikataa. Kitu kizima, kisafi, chenye risiti, huanzia nusu ya bei ya kipya. Kikiwa na dosari au hakina risiti, teremka chini ya nusu. Ukiona mpya inauzwa 800,000, friji ya miaka minne itangaze 420,000 ukijua moyoni kwamba 380,000 unaachia. Namba ya moyoni iandike kwenye karatasi kabla simu hazijaanza kuita.

Fundi Baridi
Huo mpira badilisha kabla ya kupiga picha. Mpira uliopinda tu hurudi ukiumwagia maji ya moto taratibu na kuufunga mlango ukapoa ukiwa umekaa sawa, lakini uliochanika hautibiki. Uvue wenyewe au piga picha mfereji wake, pima urefu na upana kwa sentimita ukingo hadi ukingo, nenda nao dukani kwa vipuri. Ukishaweka mpya, bana karatasi mlangoni na uivute, zunguka pande zote nne. Inapotoka bila kushikwa, hapo baridi inavuja. Mnunuzi anayejua friji hiki ndicho kitu cha kwanza atakachojaribu.

Siku mteja anapokuja, friji iwe imewashwa tangu usiku uliotangulia, na kikombe cha maji kwenye friza kiwe kimeganda hadi katikati. Asikute imezimwa. Friji iliyozimwa inazaa maswali ambayo maneno hayayajibu.

Akishalipa, zima, acha barafu iyeyuke yenyewe. Usichokonoe kwa kisu! Bomba la gesi kwenye friza limekaa karibu sana na ukuta. Ukitoboa tundu la ncha ya sindano, friji imekwisha thamani. Futa kwa maji yenye magadi kidogo, kausha, bana kitambaa mlangoni ubaki wazi. Ikipanda kirikuu, isimame wima na ifungwe kamba. Ikilazwa, mafuta ya kompresa yanatoka yaliko na kuingia kwenye mabomba. Mtu akifika nayo na kuichomeka papo hapo, kompresa inazunguka bila mafuta, na kesho yake anakupigia kwamba umemuuzia bovu. Mwambie, na umwandikie kwenye meseji: ikisafiri wima isubiri masaa matatu au manne, ikilazwa isubiri siku nzima. Meseji hiyo ndiyo itakayokulinda.

Binti wa Picha
Mimi niseme upande wa tangazo, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Futa kamera ya simu kwa kitambaa, fungua mapazia, piga asubuhi, zima taa ya balbu kwa sababu inafanya kitu cheupe kionekane cha njano. Picha sita zinatosha: kizima kwa mbele, ubavu, ndani, nyuma, kibandiko cha kiwandani chenye jina la modeli, na dosari kwa karibu. Mchubuko uwekee sarafu ya mia mbili pembeni ili mtu aone ukubwa wake. Namba ya utambulisho wa kifaa (serial number) kwenye kibandiko ifunike kwa kidole. TV ipige ikiwa imewaka, mara moja ikionyesha picha na mara moja skrini ikiwa nyeupe tupu, maana weupe ndio unaofichua madoa na mistari. Toa picha za watoto ukutani.

Maneno yawe hivi: "KITANDA CHA MNINGA 5x6, Tabata. Hakijaliwa na wadudu, chaga zote 12 zipo, mchubuko mmoja ubavuni (ona picha ya 5). Kinafunguka, bolti zote zipo. 350,000, maelewano madogo. Njoo ukione saa 10 hadi 12 jioni. Usafiri juu yako." Neno mninga liwe la kwanza kabisa, wanaolitafuta wanaliandika hivyo hivyo. Chaga zihesabu kabla hujaandika. Na kochi usiandike tu "watu watatu", andika urefu, kina na kimo kwa sentimita. Kochi likigoma kuingia mlangoni kwa mteja, litarudi kwako na nauli utadaiwa wewe.

Mkuu wa Keko
Naongezea: kabla ya kupiga picha makochi, geuza, kagua mishono ya chini na kona za mbao kwa tochi. Vidoa vidogo vyeusi kama wino ni alama ya kunguni. Ukiviona, piga dawa kwanza, rudia baada ya wiki mbili maana mayai hayafi kirahisi, ndipo utangaze. Kumpelekea mtu kunguni sebuleni kwake si biashara.

Ila kwa Mzee wa Mnada napingana kidogo. Kuweka bei juu ili upunguze kunafukuza wanaochuja kwa bei. Mtu mwenye 400,000 akiweka kikomo hicho, tangazo lako la 420,000 halioni kabisa.

Mzee wa Mnada
Hoja yako ni ya kweli, mkuu. Basi aweke 400,000 kamili na aachie 380,000. Lakini asiandike "bei haipungui". Mnunuzi wa kwetu asipopunguziwa hata elfu kumi anaondoka na kinyongo.

Wakala Sinza
Malipo sasa, dada soma taratibu. Sheria moja: kitu hakitoki mpaka uone salio, na salio unaliona kwenye menyu, si kwenye meseji. *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa waliokuwa Tigo, *150*60# Airtel, *150*88# Halotel. Meseji ya kughushi inafanana na ya kweli hadi nukta. Tofauti yake ni kwamba imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, au "salio jipya" lake haliendani na ulichokuwa nacho. Andika salio lako kabla mteja hajafika.

Mtego wa pili ni "nimezidisha, nirudishie laki moja". Angalia salio. Hata kama pesa imeingia kweli, usitume kwa namba nyingine anayokupa. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, muamala urudishwe kule kule ulikotoka. Mtego wa tatu ni anayetaka kununua bila kuona, yuko mkoani, "anamtuma dereva", na anaomba umtajie tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Tarakimu hizo ni ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp au ya pesa. Mnunuzi hazihitaji kwa lolote.

Kwa kitu cha zaidi ya laki mbili, andikianeni karatasi mbili: majina, namba za NIDA, modeli na namba ya kifaa, bei, tarehe, "kimejaribiwa na kinafanya kazi", sahihi na shahidi mmoja. Inamlinda na yeye pia asije kuulizwa kama ni mali ya wizi. Awepo mtu mzima mwingine nyumbani, na anwani kamili itoe pale tu mteja anapokuwa ameshafika kituoni.

Mama Wawili
Shikamoo mzee, na asanteni wote, nimeanza kuandika. Yamebaki matatu: mtungi nauuzaje wakati gesi ni nusu nusu? Simu nazifutaje? Na kuna mtu anataka kunilipa kiasi ili nimshikie mashine ya kufulia.

Wakala Sinza
Mtungi una uzito wake mtupu umegongwa kwenye chuma cha juu. Uweke kwenye mizani ya duka la nafaka. Ikisoma 20.7 na mtungi mtupu ni 14.2, gesi iliyobaki ni kilo 6.5. Tangaza mtungi kwa bei yake na gesi kwa hesabu ya kilo. Funga valvu, toa regileta, paka povu la sabuni kwenye valvu uone kama linatoa mapovu, na usafiri ukiwa umesimama.

Simu: ondoa kwanza akaunti ya Google au iCloud kwenye mipangilio, halafu ndipo ufute kila kitu. Ukifuta kabla ya kuondoa akaunti, simu inaweza kumdai mnunuzi nywila yako na isifunguke. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Piga *#06#, namba ya IMEI uiandike kwenye karatasi ya mauziano.

Hicho kiasi cha kushikia mashine kipokee, kisizidi robo ya bei, na mkubaliane kwa meseji: siku tatu, asipokuja mashine inatangazwa upya, na kama pesa hairudi aambiwe mapema.

Fundi Baridi
Hiyo mashine ya mlango wa mbele ilikuja na bolti ndefu tatu au nne nyuma, ambazo fundi alizitoa siku ya kwanza. Zitafute kwenye droo mlikoweka kitabu chake. Zikirudishwa, pipa halichezi njiani. Zisipopatikana, jaza mablanketi kati ya pipa na ganda, toa maji yote kupitia kichujio cha chini upande wa kulia au kushoto, na umwambie dereva aende polepole kwenye matuta.

Mama Wawili
Bolti nimezipata, zipo tatu na nafasi ziko nne.

Fundi Baridi
Peleka moja dukani kwa vifaa vya ujenzi ikapimwe unene na urefu, upate inayolingana, na ile bushi ya mpira inayovaa kwenye bolti nenda nayo pia, upate nyingine kama hiyo. Bila bushi bolti haishiki pipa vizuri.