Mrejesho: Vikapu vya magugu maji vilivyofika na ukungu

Nilikuwa nimeuliza kwa nini vikapu vya magugu maji vinaondoka Kisumu vikiwa safi na kumfikia mteja Uingereza vikiwa na ukungu, tena kwa nauli ya kutisha. Asanteni, yote mawili yametatuka.

Ukungu ulitokana na kuvifunga kwa nailoni, ambayo huzuia unyevu kutoka. Bua la gugu maji ni kama sponji. Hulowanishwa kabla ya kusukwa, na unyevu hubaki ndani hata nje pakikauka. Sasa kikapu kinapimwa kwa mizani ya jikoni asubuhi na jioni. Gramu zikiacha kupungua siku mbili mfululizo, ndipo kinafungwa kwa karatasi ya kaki. Msiamini kugusa, mkono hudanganya.

Nauli nayo: wasafirishaji wengi wa vifurushi kwa ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi, ukizidi uzito halisi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la 40×40×30 linahesabiwa kilo 9.6, ingawa kikapu ni kilo moja na ushei. Kikilazwa bapa kwenye boksi la 40×40 lenye kimo cha sentimita 12, inakuwa kilo 3.84. Ila chenye mdomo wa ngozi msikikunje, alama haitoki. Hivyo vinapachikwa kimoja ndani ya kingine, vitatu kwa boksi.